Kwenda Ziwa Ngosi ukitokea Dar es Salaam: maandalizi, njia na tahadhari

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaokwenda Ziwa Ngosi na kurudi bila kuliona huulaumu ukungu, ilhali kosa lilifanyika siku kadhaa nyuma, walipokuwa bado Sinza au Mbagala wakipanga kwenda na kurudi ndani ya mwisho wa juma mmoja. Nami nilikuwa miongoni mwao. Mara ya kwanza nilifika ukingoni mwa ziwa saa 7 mchana, mwezi wa Julai, nikiwa na raba za kukimbilia na koti jepesi linalotosha upepo wa Kigamboni, na nilichokiona mbele yangu kilikuwa weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa. Kijana aliyetuongoza alisubiri kwa adabu kiasi cha dakika 40 huku sisi tukitetemeka, kisha akasema, "Dada, ziwa lipo, ila leo limejifunika." Tukashuka. Maelezo yanayofuata yametokana na safari hiyo na nyingine mbili za baadaye, ambazo zilifanikiwa kwa sababu zilipangwa vizuri tangu nyumbani.

Ziwa lenyewe

Ngosi ni ziwa la kasoko, yaani maji yaliyojikusanya ndani ya shimo kubwa lililoachwa na volkano, katika safu ya milima ya Uporoto, kati ya Jiji la Mbeya na mji wa Tukuyu. Uso wa maji upo takriban mita 2,060 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo unaolizunguka hufikia kiasi cha mita 2,620. Urefu wake ni kama kilomita 2.5 na upana kilomita 1.6, kina chake kinazidi mita 70, na hakuna mto unaoonekana ukitoka ndani yake. Vipeperushi vya utalii hupenda kulitaja kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika miongoni mwa maziwa ya aina hiyo, na wenyeji watakuambia kwamba umbo lake ni ramani ya Afrika. Nimelitazama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ramani niliiona baada ya kuonyeshwa kwa kidole, na hata hivyo ilinibidi niwe mkarimu kidogo kwa upande wa Somalia.

Jina lake huandikwa kwa namna mbili, Ngosi na Ngozi. Unapotafuta habari zake kwenye simu, andika Ngosi pamoja na neno Mbeya au Rungwe, la sivyo utaletewa mafuta ya kupaka na mikoba ya ngozi ya ng'ombe kurasa kwa kurasa.

Jambo moja la kijiolojia linapaswa kueleweka kabla ya yote, kwa kuwa ndilo msingi wa tahadhari nitakazozitaja baadaye: volkano hii haihesabiwi kuwa imekufa. Mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kutokea katika karne ya 15, na joto lililobaki chini ya ardhi ndilo lililoifanya Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania ilichague eneo hilo kwa utafiti wa kuzalisha umeme.

Kuchagua mwezi na kuhesabu siku

Nyanda za Juu Kusini hazina vuli na masika zilizoachana kama za pwani. Mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea, kwa mapumziko mafupi, hadi Mei, na maeneo ya Rungwe ni miongoni mwa yale yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Katika miezi hiyo njia ya msituni huwa tope lenye mizizi, na barabara ya udongo inayoelekea mguuni pa mlima huwanasa hata madereva wenyeji. Kwa hiyo chagua kati ya Juni na Oktoba. Juni na Julai ni kavu lakini kuna baridi kali, kiasi kwamba kwenye uwanda wa Kitulo, ambao hauko mbali, barafu nyembamba huonekana juu ya majani alfajiri. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba baridi hupungua, na kwa maoni yangu huo ndio wakati unaomfaa zaidi mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa huweza kufifisha mandhari ya mbali.

Sikukuu za kiangazi huvutia. Saba Saba inafaa sana iwapo itaangukia karibu na Ijumaa au Jumatatu. Nane Nane inahitaji tahadhari, kwa sababu Mbeya yenyewe huwa mwenyeji wa maonyesho makubwa ya wakulima katika viwanja vya John Mwakangale, nyumba za wageni hujaa, na tiketi za mabasi hukatwa mapema. Ukiamua kwenda wakati huo, weka nafasi ya malazi kabla hujakata tiketi.

Kuhusu idadi ya siku, nashauri tano, na sishauri chini ya nne. Mpangilio ulionifaa ni huu: Alhamisi kusafiri, Ijumaa kupumzika na kuuzoea mwinuko, Jumamosi kupanda, Jumapili kuwa siku ya akiba, na Jumatatu kurudi. Siku ya akiba ndiyo ambayo kila mpangaji wa Dar huikata kwanza ili kuokoa gharama ya malazi, na ndiyo ambayo ukungu ukilala siku nzima utaijutia. Ukibahatika kuliona ziwa Jumamosi, Jumapili haitapotea, kwa sababu Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa asili uliopita juu ya Mto Kiwira, lipo upande huohuo wa Rungwe.

Mazoezi na vifaa, ukiwa bado Dar

Kupanda kwenyewe si kwa muda mrefu: kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni kati ya saa moja na saa moja na nusu kutoka mwisho wa barabara hadi ukingoni. Ufupi huo ndio unaowadanganya watu. Mkazi wa Dar ameishi usawa wa bahari, mahali pasipo na mlima, na misuli ya mapaja yake haijui mteremko. Kukimbia kwenye Daraja la Tanzanite asubuhi ni jambo jema kwa moyo na mapafu, lakini daraja ni tambarare na magoti hayajifunzi lolote pale. Kwa wiki tatu au nne kabla ya safari, panda ngazi. Jengo lolote la ghorofa sita au zaidi ambalo mlinzi wake anakufahamu linatosha; panda na kushuka mara nne au tano bila kushika lifti, ukiwa na begi mgongoni lenye chupa mbili za maji. Zingatia kushuka kuliko kupanda, maana siku ya tatu baada ya safari maumivu yatakuwa kwenye mapaja na magoti, wala si kifuani.

Aidha, tenga Jumamosi moja uende Kisarawe, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi. Vilima vile havifiki popote kwa urefu ukilinganisha na Uporoto, lakini utavijaribu viatu vyako kwenye njia ya msitu yenye majani yaliyooza, utajua kama kidole gumba kinagusa mbele wakati wa kuteremka, na utajifunza kutembea nyuma ya kiongozi bila kumpita. Kiatu ambacho hakijawahi kutembea saa tatu mfululizo hakistahili kupelekwa Mbeya.

Kwa upande wa viatu na nguo, huna haja ya kununua vitu vipya vya gharama kubwa. Mitumba ya Mchikichini, pale Karume, ina makoti ya milimani ambayo hakuna mtu wa Dar anayeyahitaji, na kwa hiyo bei yake hupatana. Tafuta buti zinazofunika kifundo cha mguu na zenye soli ya meno. Bonyeza soli kwa vidole, na kama gundi imekauka ziache, kwa sababu buti zilizokaa miaka mingi ghalani hufunguka mdomo kwenye tope la kwanza. Tafuta pia sweta la sufu au la manyoya mepesi ya kiwandani, koti la mvua lenye kofia, soksi nzito jozi mbili, na kofia ya kufunika masikio. Suruali iwe ndefu na isiwe ya jinzi, kwani jinzi ikilowa huwa nzito, haikauki, na hukaza miguu wakati wa kupanda.

Usione haya kubeba nguo nyingi. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na kwa hiyo siku ambayo Kariakoo kuna nyuzi 30, ukingo wa Ngosi huweza kuwa na nyuzi 14 au 15 mchana, bado hujaongeza upepo na jasho lililolowesha fulana yako. Fulana hiyo ndiyo adui mkubwa. Beba nyingine kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji na uibadilishe mara tu ufikapo juu, hata kama utalazimika kujificha nyuma ya mti. Hatua hiyo ndogo inazidi koti la pili kwa faida.

Vitu vingine ni vya kawaida: maji lita mbili kwa kila mtu, chakula kisichohitaji kupashwa moto, dawa zako, tochi, filimbi, kitambaa cha kufungia kifundo kilichoteguka, na betri ya akiba ya simu, ambayo huisha haraka zaidi kwenye baridi. Mwenye pumu asiiache pampu yake kwenye nyumba ya wageni. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Ugonjwa wa mwinuko huanza kutajwa kwa kawaida kuanzia mita 2,500, na kwa ziara ya saa chache kama hii ni nadra kuwa mkali, lakini kukosa pumzi ni jambo la hakika kwa mtu aliyetoka usawa wa bahari juzi tu. Kitambulisho cha taifa pia kiwe mfukoni, kwa kuwa viingilio vya hifadhi hutofautiana kati ya raia na wageni.

Barabara, reli au ndege

Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Mabasi huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, na yale ya saa 12 asubuhi ndiyo ninayoyapendekeza, hata kama mabasi ya usiku yapo na yanaokoa gharama ya kulala. Sababu ya kwanza ni usalama wa mwili wako mwenyewe: anayefika alfajiri akiwa hajalala hujidanganya kwamba ataunganisha moja kwa moja hadi mlimani, na mimi nimewaona wakikaa chini katikati ya msitu. Sababu ya pili ni njia yenyewe. Baada ya Morogoro barabara hupita kiasi cha kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, kisha kona za Kitonga, ambako basi hupanda polepole nyuma ya malori na abiria hupata nafasi ya kutazama bonde. Kuanzia hapo umeingia nyanda za juu; Iringa, Mafinga na Makambako utazipita ukiwa tayari umefunga dirisha.

Mwombe konda akushushe njia panda ya Uyole badala ya kuendelea hadi stendi za Mbeya mjini. Barabara ya Tukuyu huchepuka hapohapo Uyole, kwa hiyo utaokoa foleni na nauli ya kurudi nyuma asubuhi inayofuata. Nyumba za wageni zipo, nyingine safi na nyingine za kulala tu. Kagua maji ya moto kabla ya kulipa, na usikubali jibu la "yatakuja".

Anayependa reli ana TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China na yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni huchukua takriban siku nzima na usiku wake kufika Mbeya, na mara nyingine zaidi ya hapo. Mandhari ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na ya milima baada ya Mlimba hayapatikani kwenye basi. Hata hivyo, usiitegemee treni kwa safari yenye siku zilizohesabiwa: nenda mwenyewe stesheni, Barabara ya Nyerere, uulize kama inatembea wiki hiyo, na ukiipanda ongeza siku moja zaidi kwenye mpango wako. Wenye haraka na fedha hutumia ndege hadi Uwanja wa Songwe, wakakodi gari kutoka huko.

Ijumaa ya mapumziko itumie kwa matembezi ya taratibu, kunywa maji ya kutosha na kununua chakula cha kesho. Uporoto ni nchi ya viazi mviringo, na Rungwe ni nchi ya ndizi na maparachichi, kwa hiyo hapana sababu ya kubeba biskuti kutoka Dar. Viazi vya kuchemsha vilivyowekwa chumvi, ndizi mbivu na parachichi moja ndicho chakula bora nilichowahi kula juu ya mlima. Pombe iahirishwe. Najua vikundi vya safari vya Dar vina desturi zake za usiku wa kwanza, lakini kichwa kinachogonga na hewa nyembamba havielewani.

Kutoka Uyole hadi mguuni pa mlima

Hapa ndipo saa inapohesabiwa. Asubuhi ukungu huwa mabondeni na mara nyingi ukingo huwa wazi. Jua likipanda, mawingu nayo hupanda yakifuata kuta za kasoko, na kufikia mchana ziwa huweza kufunikwa kabisa. Lengo lako liwe kufika ukingoni kabla ya saa 4 asubuhi. Ukirudisha hesabu nyuma, unatakiwa uanze kutembea saa 2 na nusu, uwe umefika mwisho wa barabara saa 2, na uwe umetoka Uyole saa 1 hivi. Kumbuka kwamba Mbeya ipo magharibi ya Dar es Salaam kwa kiasi cha kulifanya jua lichomoze kama dakika 20 baadaye, hivyo saa 12 asubuhi ya Julai utaikuta bado giza.

Kosta na daladala za Tukuyu hupita Uyole tangu mapema. Teremka Isongole, ambako njia ya ziwa huchepuka kutoka lami. Kutoka hapo hadi mguuni pa mlima ni mwendo wa takriban kilomita 6 za barabara ya udongo, kati ya mashamba ya viazi na nyumba za wakulima. Bodaboda hupatikana, na patana naye bei ya kwenda na kurudi pamoja na saa atakayokufuata, kisha mlipe sehemu ya mwisho ukisharudi. Wenye nguvu hutembea kilomita hizo. Mimi nilijaribu mara moja na nikagundua kwamba nilikuwa nimetumia miguu yangu kabla ya mlima kuanza. Gari dogo la chini lisitoke kwenye lami iwapo mvua imenyesha usiku.

Msitu unaozunguka ziwa umehifadhiwa na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lipa kiingilio kwa utaratibu utakaoelekezwa, chukua stakabadhi, na utembee na kiongozi mwenyeji. Watu wa Dar huuliza kama kiongozi ni wa lazima wakiona njia imekanyagwa vizuri. Jibu langu ni kwamba njia zipo nyingi mno, kwa kuwa wanavijiji wana za kwao, na katika ukungu zote hufanana. Kubaliana malipo kabla ya kuanza, mbele ya kundi zima, ili asitokee mmoja wenu akaahidi jambo ambalo wengine hawalijui. Salamu pia hufungua njia. Kiswahili kinatosha kabisa, lakini mzee wa Kinyakyusa ukimwamkia "ugonile" na kumshukuru kwa "ndaga fijo", atakusimulia mengi ambayo kiongozi kijana hayajui. Upande wa kaskazini utakutana na Wasafwa, nao wana lugha yao, kwa hiyo uliza kwanza.

Kupanda

Mwanzo wa njia ni mpole, na hapo ndipo vijana hukimbia. Usikimbie. Tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Ukianza kusema neno mojamoja, punguza. Mtu wa polepole kuliko wote atangulie nyuma ya kiongozi, na mwenye nguvu abaki mwisho. Mpangilio huu huwakera wenye nguvu kwa robo saa ya kwanza, lakini ndio unaofikisha kundi likiwa zima.

Baada ya muda msitu hufunga juu ya kichwa. Utaona mianzi, migomba ya mwituni yenye majani makubwa isiyozaa ndizi za kulika, na miti mirefu iliyovaa kuvu na ukoga wa kijani. Mbega hupatikana humo, na aghalabu utaisikia sauti yake kabla ya kuiona mikia yake myeupe. Usitarajie kipunji, nyani aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005. Huyo, kwa upande huu wa nchi, makazi yake ni Mlima Rungwe na misitu ya jirani, na kiongozi anayekuahidi kumwona Ngosi anakufurahisha tu. Kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye asili yake ni milima hii, anaweza kuwa kwenye tawi karibu na bega lako. Najua wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga. Basi mwogope ukiwa mbali, usimchokoze kwa fimbo.

Ingiza suruali ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka bila kusimama, na umwonye anayekufuata. Usishike kila tawi linalokuja mkononi, kwani yapo majani yawashayo. Sehemu ya mwisho kabla ya ukingo ni mwinuko mkali, ambapo mikono hutumika kushika mizizi. Hapo weka simu mfukoni, funga zipu, na umwache aliye mbele yako amalize kupanda ndipo nawe uanze, maana jiwe au buti likiteleza huja na udongo wake.

Ukingoni

Njia huisha ghafla, na maji yapo chini yako mita 200 na zaidi, yenye rangi ya kijani iliyokolea inayobadilika kila wingu linapopita. Badili fulana, vaa sweta na koti, kisha ndipo upige picha. Ukingo hauna uzio katika kila sehemu na udongo wake umelegea. Kaa hatua tatu nyuma, na picha za kurudi kinyumenyume zipigwe mahali pengine. Ndege zisizo na rubani zinahitaji vibali nchini, kwa hiyo usifike na yako ukitarajia kuwashawishi walinzi pale pale.

Utaulizwa kama unataka kushuka hadi majini. Ipo njia, nyembamba na yenye mteremko mkali, na wapo wanaoishuka. Ushauri wangu ni kubaki juu. Sababu ya kwanza ni kwamba kupanda tena kuta hizo kunachukua nguvu ambazo bado unazihitaji kushukia mlima, na aliyeumia huko chini hubebwa na wenzake mgongoni. Sababu ya pili ni gesi. Watafiti wamebaini kwamba ziwa hupokea kutoka chini ya volkano gesi ya hewa ukaa, ileile inayotoa povu kwenye soda; na kwa hakika hewa ukaa ya asili huvunwa Rungwe na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji, hivyo huenda umekwisha kuinywa Dar es Salaam bila kujua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na hujikusanya kwenye mashimo na mabonde yasiyopitiwa na upepo. Ndugu zetu wa Goma huita mahali pa namna hiyo mazuku. Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, gesi iliyotoka kwa ghafla katika Ziwa Nyos iliua zaidi ya watu 1,700. Sisemi kwamba Ngosi ni Nyos. Nasema kwamba shimo lenye kuta ndefu kiasi kile, juu ya volkano ambayo haijafa, si mahali pa kuogelea wala pa kupiga kambi majini.

Kiongozi wako atakuwa na masimulizi: nyoka mkubwa, mali zilizozamishwa na Wajerumani, maji yanayobadilika rangi kutabiri mwaka. Yasikilize ukiwa umekaa, unakula viazi vyako. Ukikuta ukungu, usiondoke mara moja. Upepo huweza kuufungua kwa dakika mbili na kuufunga tena, na safari yangu ya pili nililiona ziwa lote kwa muda usiozidi ule wa kumenya ndizi. Subiri kwa saa moja ikiwa kila mtu ana nguo kavu. Ikiwa mmoja anatetemeka bila kukoma, anajikwaa katika maneno au amekuwa mkimya isivyo kawaida yake, shukeni papo hapo, maana hizo ni dalili za mwili kupoteza joto, na Jumapili ya akiba ipo.

Kushuka

Anzeni kushuka kabla ya saa 7 mchana, hata kama hali ya hewa ni nzuri. Kaza kamba za buti upya ili kidole kisigonge mbele, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na kata fimbo iliyokwisha kuanguka, si ya mti ulio hai. Ajali nyingi ndogo nilizoziona zilitokea hapa, wakati watu wamekwisha kuanza kuzungumzia chakula cha jioni. Maganda ya ndizi, chupa na karatasi zote zirudi kwenye begi. Maganda nayo, kwa kuwa baridi ya juu huchelewesha kuoza na wanyama hujifunza upesi kuomba.

Mlipe kiongozi mliyokubaliana, ongezeni asante mkiridhika, na muwe lami ya Isongole kabla ya giza, kwani magari ya kuelekea Uyole hupungua jioni. Usiku huohuo fua tope la buti kwa maji baridi na uzijaze magazeti zikauke ndani. Ukizifungia kwenye begi zikiwa mbichi, safari ya basi ya siku nzima hadi Mbezi itakuwa ndefu kwa kila aliyekaa karibu nawe.